Supu ya Mzee Gidamis

Siku ya nne baada ya kurudi kutoka Dar es Salaam, Ludovika alitoa kiti nje ya kota yao, akakigeuza kielekee upande wa Masakta, akaketi kumngoja baba yake.

Mumewe, Hermani, alimwona kwa mbali akitoka kazini. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita, mwaka wa themanini na tisa, na shamba la ngano la serikali lilikuwa limeanza kuvuna. Hermani alikuwa dereva wa kombaini. Makapi yalikuwa yamemjaa kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya shingo, na tangu adhuhuri alichokitamani ni maji ya kuoga tu. Lakini alipokiona kile kiti, na kichwa kilichofungwa kitenge kikitazama njia, hamu ya maji ilimtoka. Alijua kwamba Mzee Gidamis hatakuja. Alijua na sababu. Na alikuwa amemwahidi mama yake mzazi kwamba Ludovika hataambiwa.

"Baba Angela," Ludovika alisema, "leo ni siku ya nne. Mara ya kwanza alifika siku ya tatu. Mara ya pili siku ya nne asubuhi."

"Pengine ng'ombe wamemshika."

"Ng'ombe wana Patriki."

Hermani aliinama, akajifanya anafungua kamba za viatu. Patriki, mdogo wake Ludovika na mtoto pekee wa kiume wa mzee, alikuwa amekwisha kuzikwa. Nyoka alimuuma machungani wakati wao wawili wakiwa Dar es Salaam, na kabla jua halijazama kijana alikuwa amekata roho.

Ugonjwa wa Ludovika ulianza kama punje ya harage shingoni, baada ya Krismasi. Punje ikawa mbili, zikawa nne, zikashuka kwapani. Daktari wa Dar es Salaam alisema ni saratani ya matezi, lakini akasema pia kwamba miongoni mwa saratani, hii ni mojawapo ya zile zinazosikia dawa. Atapewa dripu sita, moja kila baada ya wiki nne. "Zisikatishwe," alisema, na neno hilo alilirudia.

Dripu ya kwanza ilipunguza uvimbe, ikampunguza na Ludovika mwenyewe. Kinywa kilichubuka chote. Ulimi ukawa kama nyama iliyomwagiwa maji ya moto. Hata mate yake aliyatema kwenye kopo, maana kuyameza ilikuwa kazi. Imakulata, mama yake Hermani, alikuwa ameteremka kutoka Tlawi kuja kumwuguza mkwewe. Alipika uji wa ulezi, alipika viazi vya kuponda, alichemsha maziwa akayapoza, na kila alichopika kilirudi.

Ndipo Mzee Gidamis alipofika kwa mara ya kwanza, ametembea kutwa nzima, fimbo begani na mfuko wa ngozi ukimning'inia mgongoni. Mzee alikuwa mfugaji wa Kibarbaig. Alizaliwa pale pale kwenye ngano, enzi zile palipokuwa na majani ya ng'ombe. Trekta zilipokuja alihamia upande wa Masakta, na kila alipokuja kumwona binti yake alipita kandokando ya ngano bila kuitazama, kama mtu anayempita jirani aliyegombana naye. Hakusalimu sana siku hiyo. Alimtazama Ludovika kinywani, akauliza sufuria kubwa iko wapi.

"Hiyo sufuria nililetewa siku ya harusi yangu, mzee," Imakulata alimwambia. "Ukiiunguza utanilipa ng'ombe."

"Nitakulipa ndama dume."

"Dume nimfanyie nini, nimkamue pembe?"

Mzee alicheka, akatoa vitu vyake. Yalikuwa magome mekundu ya mgunga na mizizi ambayo jina lake hakulitaja. Aliyachemsha na mifupa ya mbuzi tangu asubuhi hadi maji yakawa mekundu kama chai ya rangi, akaengua mafuta, akapoza, akamnywesha bintiye kijiko kimoja kimoja. Mwanzoni Ludovika alikunja uso. Siku ya pili alimeza bila kulia. Siku ya tatu aliomba ugali, na Imakulata akaenda kulia nyuma ya nyumba kwa furaha.

Habari zilimfikia Reginald, tabibu wa zahanati ya shamba, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa huko miaka mitatu nyuma. Alikuja na miwani yake, akafunua sufuria.

"Shikamoo mzee. Hii ni nini?"

"Marahaba. Ni supu."

"Naona ni supu. Ndani yake kuna nini?"

"Mbuzi."

"Na nini kingine?"

"Maji."

Reginald aliangua kicheko, akaomba kikombe, akaonja. Baadaye alimchukua Hermani kando. "Wewe unajua dawa ya magugu," alisema. "Ndege ikishanyunyiza, magugu yanakufa, lakini na ngano nayo inakuwa ya njano siku kadhaa, sivyo? Basi dripu ya mkeo ni kama hiyo. Inaua ugonjwa, na inaunguza kinywa na tumbo na nywele. Sasa nimesoma mahali kwamba kwenye magome na majani mengine kuna vitu vinavyozuia mwili usiungue, kama mafuta yanavyozuia chuma kisishike kutu. Huenda mzee anavyo kwenye sufuria. Huenda ni mchuzi wa mbuzi tu na mapenzi ya baba. Mimi sijui, na sitaki kukudanganya."

"Kwa hiyo anywe?"

"Anywe. Ila asinywe siku mbili kabla ya dripu, wala siku tatu baada yake. Maana kitu kinachoilinda ngano, nani amekuambia hakilindi magugu?"

Hermani alimweleza mkwewe jambo hilo akiogopa kwamba atakasirika. Mzee aliitikia kwa kichwa tu. "Kisimani kila kundi lina zamu yake," alisema. "Dawa ya sindano ikinywesha, mimi nitakaa na ng'ombe wangu mbali."

Na hivyo ndivyo walivyokwenda. Baada ya dripu ya pili mzee alikuja tena, siku ya nne asubuhi. Lakini mara hii alimkuta Ludovika ameketi ndani bila kitenge, na kichwa hakikuwa na unywele hata mmoja. Mzee alisimama mlangoni. Kwao mwanamke hanyoi kichwa chote bila sababu, hunyoa akifiwa.

"Umenyoa, binti yangu," alisema. "Nani amekufa?"

Ludovika alicheka. "Hakuna aliyekufa, baba. Ni dawa imenyoa."

Mzee hakucheka. Alichana kipande cha mgolole wake, akamfunga kichwani kwa mikono yake mwenyewe. "Kichwa kisicho na msiba kisikae wazi," alisema, "msiba unaweza kukiona."

Mwezi mmoja baadaye Patriki akafa.

Hilo ndilo lililomfunga Hermani mdomo. Waliporudi kutoka kwenye dripu ya tatu, Imakulata alimvuta nyuma ya kota kabla hajatua hata begi, akampa habari. "Usimwambie," alisema. "Mgonjwa haambiwi msiba. Na huu si msiba tu. Umesahau maneno ya baba yake? Atasema ni kichwa chake kilichomwita nyoka. Ana uzi mmoja wa pumzi, Hermani, unataka kuukata?"

Hermani hakutaka kuukata. Na kulikuwa na jambo la pili. Mzee Gidamis sasa alikuwa mwikoni. Kwa desturi ya ukoo wake, mzazi aliyemzika mtoto hukaa ndani ya uzio wake hadi wazee wamtakase, na hiyo ni miezi. Haingii kwa mtu, hali katika chombo kimoja na mtu, na zaidi ya yote hamkaribii mgonjwa, kwa kuwa mauti yangali mikononi mwake. Ndiyo sababu kiti cha Ludovika kilitazama njia bure.

Siku ya tano ikapita, na ya sita. Siku ya nane Ludovika aliacha kutaja jina la baba yake. Vidonda vya kinywa vilikuwa vimeshuka hadi kooni, na mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na mishipa. Angela, mtoto wao wa miaka mitano, alizoea kulala mgongoni mwa mama yake mchana. Sasa Imakulata alimkataza, akisema atamvunja.

Jumapili moja baada ya misa, Hermani alichukua panga, akaenda kuchuna magome mwenyewe. Alikuwa mtu wa Tlawi, mtu wa milimani, na miti ya bondeni kwake yote ilikuwa miiba tu. Alijaza gunia zima, akachemsha. Supu ikatoka nyeusi tititi, na kikombe alichoitilia kilibaki na rangi hiyo hadi kesho yake. Ludovika aliweka tone moja kwenye ulimi, akalitema.

"Baba Angela," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "umechuna nguzo ya uzio?"

Alicheka kidogo, na Hermani akacheka naye. Kisha kicheko cha Ludovika kikageuka kilio, na hakikukoma upesi.

"Amekiogopa kichwa changu," alisema. "Aliniona siku ile akafikiri nimeanza kufa. Amenizika tayari. Baba yangu mzazi amenikimbia kama ng'ombe mwenye kimeta."

"Usiseme hivyo."

"Basi sema wewe. Kwa nini haji?"

Hermani alifungua mdomo. Imakulata, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliinua macho, akamtazama. Hermani akafunga mdomo.

"Dripu ya nne siendi," Ludovika alisema. "Kuchomwa moto mara tatu kumetosha. Mara mbili za kwanza nilijua baba atakuja kunitoa. Sasa nani atanitoa?"

Lori la kuwapeleka Arusha, ambako wangepanda basi, lilikuwa liondoke Jumanne ya wiki iliyofuata. Ijumaa jioni Hermani alikwenda zahanati. Reginald alimsikiliza, kisha akavua miwani, akaisugua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Asipokula, hata akienda watampima damu na kumrudisha," alisema. "Na asipokwenda, yale magugu yaliyobaki yatajua kwamba mwenye shamba amelala. Hermani, hebu nieleze. Mzee amepatwa na nini?"

Hermani alimweleza.

"Mimi ni mgeni huku," Reginald alisema. "Dawa ya hiyo sina. Nenda kwa mwenyewe."

Usiku huo Hermani alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuwa mtu wa maneno mengi mbele ya Mungu. Alizoea kusali Baba Yetu na Salamu Maria, basi. Lakini safari hii alisema kwa maneno yake. "Bwana, nimeficha kwa sababu nampenda. Kama nimekosa, nionyeshe kabla sijachelewa." Alfajiri akachukua baiskeli, akaondoka.

Alifika boma la Mzee Gidamis jua likiwa limepinda. Uzio wa miiba ulikuwa umefungwa. Aliita, akasubiri. Mzee alijitokeza upande wa ndani, akasimama hatua ishirini kutoka uzio. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na alikuwa amekonda hivi kwamba mgolole ulimpwaya kama wa kuazima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usisogee. Simama hapo hapo."

"Baba, pole."

"Nimepoa. Binti yangu yu hai?"

"Yu hai, lakini hali kitu. Nimekuja kuomba magome. Nielekeze mti tu, nitachuna mwenyewe."

Mzee aliinua mikono yake miwili, akaitazama, akaishusha. "Mikono hii ndiyo iliyomlaza Patriki shimoni. Nikiunyooshea mti kidole, utakachochuna si dawa, ni msiba wangu. Utampelekea akanywe?"

"Baba, atakufa kwa njaa."

"Najua." Sauti ya mzee ilipasuka. "Unafikiri sijui? Kila asubuhi natazama njia ya kwenu." Kisha akauliza, "Yeye anasemaje kuhusu kifo cha ndugu yake?"

Hermani aliangalia chini. "Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kwamba Patriki amekufa. Hatukumwambia. Tuliogopa, kwa sababu ya maneno yale. Ya kichwa."

Hermani alipoinua macho alimwona mzee amejishika kwenye fimbo kwa mikono miwili.

"Maneno yale niliyasema mimi," mzee alisema. "Ni mdomo wangu uliouliza nani amekufa wakati hakuna aliyekufa. Usiku silali kwa ajili yake. Kama kuna aliyemwita nyoka ni mimi, si mtoto." Akapumua. "Lakini wewe, mkwe wangu, hukuelewa kitu. Mwiko wangu ni kwa watu wasiofiwa. Yule ni dada wa marehemu, wamenyonya ziwa moja. Siku anaposikia, anaingia mwikoni pamoja nami, ila yeye hakuzika, hafungwi uzioni kama mimi. Mfiwa hamdhuru mfiwa mwenzake. Tungekaa ndani ya uzio mmoja, tungekula chungu kimoja, ningempikia asubuhi na jioni. Nilikuwa namngoja yeye aje. Nilisema, mbona haji kumlilia ndugu yake? Nikasema, ameshakuwa mtu wa mashine na ngano, amenisahau."

Hermani aliona miiba ya uzio ikicheza machoni mwake. Alitaka kusema samahani, na neno likawa dogo mno.

"Umemnyima ndugu yake," mzee alisema, bila ukali. "Ukamnyima na baba. Nenda ukamwambie."

Hermani alilala njiani kwa katekista mmoja, na Jumapili kabla ya saa sita alikuwa nyumbani. Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu warudi. Imakulata alimwona usoni, akaanza kusema, "Hermani, mwanangu, tafadhali," lakini yeye akampita, akaingia ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama Angela. Baba yako hajakukimbia. Yuko mwikoni. Patriki amekufa. Nyoka. Tulikuwa Dar es Salaam."

Alitegemea mayowe. Ludovika hakupiga yowe. Alilala akitazama mabati kwa muda, kisha akainua mkono, akafungua kile kitenge, akapitisha kiganja juu ya kichwa chake kitupu, polepole, kutoka paji la uso hadi kisogoni.

"Basi nilitangulia kumnyolea," alisema.

"Hapana. Baba yako anasema ni mdomo wake. Mama yangu anafikiri ni kichwa chako. Mimi nasema ni nyoka, Mama Angela. Alikuwa anachunga, akamkanyaga nyoka. Ni hilo tu."

"Nani alimfumba macho?"

"Baba."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alilia bila sauti, maana koo halikuwa na nafasi ya sauti. Imakulata aliingia, akapiga magoti chini, akamshika mkwewe miguu. "Ni mimi niliyemkataza," alisema. "Mwanangu, nilifikiri nakulinda." Ludovika hakuondoa miguu yake.

Jumanne lori la ngano lilipita, na walilipanda, ila si kwa kwenda Dar es Salaam. Alfredi, dereva, aliwashusha njia panda ya Masakta, na Hermani akambeba mkewe mgongoni hadi kwenye boma, akipumzika kila baada ya mwendo mfupi. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la pumba. Walipofika uzioni, mzee alifungua miiba. Hermani alimteremsha, akarudi nyuma, kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kupita. Alimwona Ludovika akienda kwa miguu yake mwenyewe zile hatua ishirini, akiyumba, na mzee akimngoja bila kumkimbilia. Walishikana vichwa, wakalia kilio kimoja kirefu cha Kibarbaig ambacho Hermani hakuelewa maneno yake, wala hakuhitaji.

Alikaa nje ya uzio hadi alipoona moshi.

Wiki mbili Ludovika alikaa kwa baba yake. Hermani alikuja Jumapili zote mbili, akasimama nje, wakasemezana kwa kupaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Jumapili ya kwanza Ludovika alisema anakunywa. Ya pili alisema anakula, na kwamba jana alikunywa maziwa mtungi mzima, na mzee akadakia kutoka nyuma, "Mwongo huyu, nusu mtungi!" Walimzungumzia Patriki kila jioni, alisema. Walikumbushana makosa yake, jinsi alivyoogopa shule, jinsi alivyompotezea baba yake fahali akiwa anacheza bao. Siku mbili kabla ya safari mzee aliacha kupika supu, bila kukumbushwa na mtu.

Lori la Arusha nalo lilikawia siku tano, wakafika hospitali wakiwa wamechelewa siku kumi na tisa. Hermani alizihesabu, na hesabu hiyo ilipolingana na ile ya siku alizomficha mkewe msiba, hakuweza kumwambia yeyote. Damu ilipimwa, ikaonekana inatosha. Muuguzi alisifu kinywa cha Ludovika, akauliza anatumia nini. Kisha daktari akaja, akagusa shingo. Vidole vyake vilipita upande wa kulia, vikapita kushoto, vikarudi kulia, vikakaa hapo.

Jioni, walipokuwa wamekaa wenyewe, dripu ikidondoka, Hermani alisema, "Nisamehe."

"Ndani ya siku zile kumi na tisa nilimchukia baba yangu," Ludovika alisema. "Nikiwa mtoto sikuwahi kumchukia hata saa moja, na alikuwa mkali. Hizo ndizo ninazozililia, Baba Angela. Hizi nyingine za dripu ni za Mungu." Aligeuza uso kwenye mto. Halafu akasema, "Nakuomba kitu kimoja. Wakikuambia jambo lolote kuhusu mimi, niambie siku hiyo hiyo. Usinipimie."

"Nitakuambia."

"Apa."

Hermani aliapa, na kwa kuwa hakuwa na msalaba wa kushika alishika mkono wake.

Siku ya tatu daktari alimwita koridoni. Alikuwa mtu mpole, kijana kuliko Hermani, na alizungumza akitazama sakafu. Alisema uvimbe umerudi, na umerudi ukiwa mkaidi. Alisema wakati mwingine hutokea hata kwa wasiochelewa, na kwamba hakuna mtu awezaye kusema ni kwa sababu gani. Kuna dawa nyingine ya kujaribu, yenye nguvu zaidi, lakini asimfiche: matumaini ni madogo, pengine mwaka mmoja, pengine pungufu. "Mgonjwa hatujamwambia," alimalizia. "Wengi huona ni afadhali ndugu ndiye aamue."

Hermani alimshukuru. Alisimama koridoni akisali, lakini sala ilikwama kwenye "mapenzi yako yatimizwe," ikagoma kwenda mbele. Watu walimpita na machela na ndoo. Alijua ni nini angekifanya mwezi mmoja nyuma. Angenawa uso, angeingia akitabasamu, angesema daktari amefurahi.

Aliingia bila kunawa. Ludovika alikuwa ameketi, anamtazama, na kwa jinsi alivyomtazama Hermani aliona kwamba alikuwa akiuangalia mlango tangu alipoitwa. Alivuta kiti karibu. Akamwambia yote, kwa mpangilio ule ule ambao daktari alimwambia, bila kuruka kitu, hata lile neno "pengine pungufu."

Ludovika alisikiliza hadi mwisho. Alimwomba amsogezee mto mgongoni, naye akausogeza. Nje mtu alikuwa akifagia.

"Na baba?" aliuliza. "Tutamwambiaje baba?"

"Nitakwenda mimi. Nitasimama uzioni nimwambie."

"Hapana," alisema Ludovika. "Mimi ninaruhusiwa kuingia."